Aliyejitolea Anapoondoka, Nani Apokee Zamu?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, nilialikwa katika sherehe ndogo ya kuagana huko Nyamirambo, upande wa Biryogo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kimesemwa tangu enzi za ukoloni na bado kinasemwa mpaka leo. Watu walikuwa wangali na matope miguuni, na majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa kituo cha vijana. Aliyekuwa akiagwa ni binti wa miaka 26 kutoka ng'ambo, ambaye kwa muda wa miaka miwili alijitolea kufanya kazi na vijana wa mtaa ule katika mambo ya afya. Jina lake sitalitaja, wala la shirika lililomtuma, kwa kuwa mwenyewe aliniomba nisimfanye habari. Kwetu sisi tunaoshughulikia uhusiano wa jeshi na wananchi, ombi la namna hiyo ni la nadra sana.

Palikuwa na soda, mishikaki na hotuba. Hotuba ndizo zilizokuwa nyingi kuliko vyote. Kila aliyesimama alimsifu mgeni, akamshukuru, kisha akamalizia kwa kusema kwamba pengo analoliacha halitazibika kamwe. Maneno hayo ni ya adabu, na aliyeyasema hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi niliyeketi pale nikiwa na magwanda yangu ya kijeshi niliona kwamba tunamsifu binti yule kwa jambo ambalo, lingekuwa kweli, lingekuwa shutuma. Mlinzi akiondoka langoni na lango likabaki wazi, hatusemi kwamba alikuwa mlinzi hodari kupita wote. Twamuuliza alimkabidhi nani.

Yeye mwenyewe hakusema mengi. Alizungumza kwa Kinyarwanda chenye makosa ya hapa na pale, akachanganya na Kiswahili kwa ajili ya wazee wa Biryogo, kisha akatoa mfukoni ufunguo mdogo wa kufuli akampa msichana mmoja fundi cherehani, mwenyeji wa mtaa ule, mbele ya watu wote. Akamwambia, "Dada, kuanzia leo zamu ni yako. Mimi nikirudi hapa nitakuwa mgeni." Akaketi. Wengi hawakuelewa kwa nini ufunguo wa kufuli dogo namna ile utolewe hadharani kana kwamba ni ufunguo wa ghala la silaha. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimuliwa habari ya ufunguo ule, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Katika kituo kile kuna sanduku la mbao lenye tundu juu yake. Kijana mwenye swali analoona haya kumwuliza mama yake, baba yake au mwalimu wake, huliandika katika karatasi bila jina lake na kulitumbukiza. Kila Jumatano jioni sanduku hufunguliwa, maswali yakasomwa kwa sauti mbele ya vijana wote, na kujibiwa. Swali linalozidi ujuzi wa mwenye kuongoza hupelekwa kwa muuguzi wa kituo cha afya, na jibu huletwa Jumatano inayofuata. Binti alinionyesha daftari alimonakili maswali ya miaka miwili. Kuna anayeuliza kama hedhi ya siku tisa ni ugonjwa. Kuna anayeuliza kama wembe wa kinyozi waweza kumwambukiza UKIMWI. Mwingine anauliza kwa nini tangu baba yake afariki hana hamu ya kula wala ya kucheza mpira. Kuna mmoja aliyeuliza kama ni kweli kwamba mwanamume hawezi kuwa askari akiwa na virusi, kwa sababu yeye anataka kuwa askari na anaogopa kupima. Nilikaa na swali hilo kwa muda mrefu kuliko mengine.

Sanduku hilo halikuanzishwa na binti aliyekuwa akiagwa. Lilianzishwa na mtu wa kujitolea aliyemtangulia, kijana wa kiume, ambaye kwa maelezo ya wote waliomjua alipendwa sana. Muda wake ulipokwisha aliondoka kwa haraka, kwa sababu ya tarehe ya ndege na mambo ya hati, na ufunguo ukapotea katika shughuli za kufunga mizigo. Hakuna aliyejua nani mwenye kuuliza. Vijana waliendelea kutumbukiza karatasi kwa wiki kadhaa, wakidhani kwamba ipo siku sanduku litafunguliwa, kisha wakachoka. Miezi minane baadaye alipofika huyu wa pili, kufuli lilivunjwa kwa nyundo. Ndani mlikuwa na karatasi 31. Moja iliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, nayo ilisema: nina mimba, sijamwambia mtu, niende wapi. Haikuwa na tarehe. Mpaka leo hawajui aliyeiandika ni nani, wala alikwenda wapi.

Sasa ndugu zangu wa polisi watanielewa kwa haraka zaidi kuliko wengine. Mtoto aliye chini ya miaka 18 akiwa na mimba, kwa sheria yetu hilo si jambo la aibu ya nyumbani tu, ni kosa la jinai lililotendwa na mtu juu yake. Na jibu la swali lake lilikuwapo hapa hapa mjini. Kituo cha Isange kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, na baadaye huduma yake ikaenezwa katika hospitali nyingine nchini. Humo aliyedhulumiwa hukutana na daktari, mshauri na mpelelezi chini ya paa moja, bila kuzungushwa toka ofisi hii hadi ile. Kutoka Nyamirambo hadi Kacyiru ni mwendo mfupi kwa pikipiki. Kwa hiyo huduma ilikuwapo, sheria ilikuwapo, na askari aliyefunzwa kumpokea mtoto yule alikuwa zamu siku ile. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ufunguo.

Simlaumu yule kijana aliyeondoka, wala siwezi. Nitakiri jambo ambalo sijapata kuliandika.

Mwaka 2016 nilikuwa luteni katika batalioni yetu iliyokuwa Juba, Sudan Kusini, chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka ule kipindupindu kilirudi Juba, kama kilivyokuja mwaka 2014 na 2015. Karibu na tulipokaa palikuwa na vijana wengi wasio na shule wala kazi, na baadhi yao walikuwa wamekulia ukimbizini Kenya na Uganda, hata tukaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Saa ambazo hatukuwa doria tuliwafundisha kutengeneza kibuyu chirizi. Dumu la lita tano hutobolewa tundu dogo, likatundikwa kwenye mti wa kulala, na kamba ikafungwa kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, ili mtu anawe bila kulishika dumu kwa mkono mchafu. Sabuni hutobolewa nayo, ikaning'inizwa kando. Tulisimamisha vibuyu kumi na kimoja. Tulikuwa na furaha ya watoto. Vijana wale walituita kwa majina, wakawa wanawafundisha wadogo zao kunawa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na mimi nikaandika habari yake na kupiga picha, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Zamu yetu ilipokwisha tuliaga. Vijana walicheza ngoma, nasi tukawaachia mipira miwili. Katika karatasi za makabidhiano niliandika idadi ya kamera, betri, na viti sita vya plastiki. Vijana sikuwaandika. Sikumwambia afisa aliyenipokea kwamba sabuni tulikuwa tunainunua kwa fedha zetu wenyewe mfukoni, na mbaya zaidi sikuwaambia wale vijana. Miezi michache baadaye nilikutana na afisa yule nikamwuliza vibuyu vinaendeleaje. Alikuwa hajui ninazungumza nini. Alipofikiri kidogo akakumbuka: "Afande, yale madumu matupu? Tulikuta mawili. Kamba wamefungia mbuzi." Nilicheka pamoja naye, kwa kuwa sikutaka aone uso wangu.

Basi nilipomwona binti yule akitoa ufunguo mbele ya watu, nilijua amefanya jambo ambalo mimi, niliyepitia mafunzo ya kadeti Gako na kufundishwa usiku na mchana namna ya kukabidhi lindo, sikulifanya Juba. Nilimwuliza alijifunza wapi. Alisema alijifunza kwa lile kufuli lililovunjwa. Tangu mwezi wake wa kwanza aliwaambia vijana tarehe atakayoondoka, akaiandika kwa chaki juu ya mlango. Mwaka wa pili wote hakuongoza Jumatano hata moja peke yake. Miezi mitatu ya mwisho alikuwa akiketi nyuma, kimya, hata pale yule fundi cherehani alipokosea jibu, na kumsahihisha baadaye wakiwa wawili. Alisema jambo lililomwia gumu kuliko kujifunza Kinyarwanda ni kunyamaza.

Yafaa tukumbuke kwamba habari hii ya watu wa kujitolea si ngeni katika Afrika Mashariki, na kwamba kumalizika kwake aghalabu kumekuwa kwa ghafla. Kikosi cha Amani cha Marekani, yaani Peace Corps (kikosi kisicho na bunduki hata moja, jambo ambalo askari wangu hawaachi kulishangaa), kiliundwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake mwaka huo huo. Mwaka 1969 waliondoka Tanzania, wakarudi mwaka 1979. Hapa Rwanda walianza kuja mwaka 1975, na mwaka 1993 shughuli zao zikafungwa kwa sababu ya vita. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kilichokuwa kimejengwa na wenyeji na wageni, zahanati, madaftari, watu wenyewe, kikaangamia. Wakarudi tena mwanzoni mwa mwaka 2009, wengi wao katika kazi za afya. Kisha tarehe 15 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kugunduliwa Rwanda, makao yao makuu yakaamuru kwamba wote waliotawanyika duniani, karibu watu 7,000 katika nchi zaidi ya 60, warudishwe kwao. Wengine walipewa siku chache tu za kufunga mizigo. Baada ya janga kupungua walirejea.

Mwaka 2025 tuliona namna nyingine ya kuondoka. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na ilipofika Julai Mosi shirika lake la misaada, USAID, likawa limekwisha kufungwa. Katika nchi nyingi za Afrika waelimishaji wa vijana, wapimaji na washauri waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walijikuta wamesimama. Sipendi kujadili siasa za nchi nyingine katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba mgeni ana haki ya kurudi kwao, na mwenye fedha ana haki ya kuzizuia, na hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kutungoja tuwe tayari. Ikiwa mambo ni hayo, basi mtu wa kupokea zamu anapaswa kutafutwa siku mgeni anapofika. Wiki ya kuagana ni kuchelewa.

Tena hatusemi jambo la nadharia, maana mifano ya kufanya vizuri tunayo. Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wa shule dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani kufanya hivyo nchi nzima. Chanjo ya miaka mitatu ya kwanza ilikuwa zawadi ya kampuni iliyoitengeneza. Kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba zawadi ina mwisho, na kwa hiyo uchanjaji ulifanywa na wauguzi wetu, walimu wetu na washauri wa afya wa vijijini, wala haukuachiwa wageni. Miaka mitatu ilipokwisha utaratibu ulisonga mbele kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa chanjo. Mwaka 2012 walipoanza kuletwa walimu wa udaktari na uuguzi kutoka vyuo vya Marekani, kila mgeni alioanishwa na mwalimu Mnyarwanda, na mwaka wa kumaliza ulipangwa kabla wa kwanza hajapanda ndege. Shirika la Global Health Corps nalo, lililoanza mwaka 2009, liliweka utaratibu wa mgeni na mwenyeji kufanya kazi moja, katika ofisi moja, kwa mwaka mzima. Mgeni akiondoka, nusu ya ujuzi inabaki kitini.

Na wapo wale wa kujitolea ambao hatuwaagi kamwe kwa kuwa hawaondoki. Kazi ya washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, ilianzishwa mwaka 1995, nchi ikiwa bado inanuka moshi. Leo idadi yao inapita 50,000. Huchaguliwa na wanakijiji wenzao, hawana mshahara, hupata posho kidogo kwa njia ya vyama vyao vya ushirika, na ndio wanaompima mtoto malaria usiku wa manane na kumhimiza mama mjamzito kwenda kliniki. Sijawahi kualikwa katika hotuba ya kumsifu hata mmoja wao. Labda ni kwa sababu tumewazoea, kama tulivyomzoea mlinzi wa usiku.

Najua kuna wenzetu kambini wanaosema kwamba vijana hawa wa ng'ambo huja kutazama sokwe na kujaza barua za kuombea kazi kwao. Wapo wa namna hiyo; nimekutana nao. Kuna wengine, hasa miongoni mwa viongozi wa mitaa, wanaodhani kwamba neno la afya likitoka katika kinywa cha mzungu lina uzito zaidi. Makundi yote mawili yananikera, na la pili zaidi. Binti wa Biryogo aliponiambia siri ya kazi yake sikuona uzungu ndani yake. Alisema vijana walimwuliza mambo mazito kwa sababu walijua ataondoka. Hakuwa shangazi wa mtu, hakuwa jirani, hangekutana na mama zao sokoni. Siri iliyo kwake ingepanda ndege. Hilo ni jambo ambalo mwenyeji hana, na yafaa tulikubali bila wivu. Ndiyo sababu sanduku lina thamani kuliko mtu: karatasi haina jina, na kwa hiyo hata mwenyeji anaweza kuisoma. Kitu ambacho mgeni alikuwa nacho kwa kuzaliwa kwake, sanduku lilimpa fundi cherehani.

Sisi askari na polisi tunahusika vipi? Tunahusika kwa umri kwanza. Ingia katika kombania yoyote uhesabu walio chini ya miaka 25. Maswali yaliyo katika sanduku la Biryogo ndiyo yanayolala katika mabweni yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 na 2019 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 nchini takriban watatu wanaishi na virusi vya UKIMWI, na hapa Kigali zaidi ya wanne. Kigali ndiko askari anakopewa ruhusa ya kwenda mwisho wa juma. Katika sehemu kama Biryogo na Migina vimewekwa vibanda vya kutoa kondomu bure, na nimemwona askari kijana akipita mara tatu mbele ya kibanda, akitazama saa yake, akaondoka bila kuchukua kitu. Angeweza kumwuliza sajini wake. Hakumwuliza, nami najua sababu, kwa kuwa na mimi sikumwuliza wangu.

Palikuwa na koplo mmoja katika kikosi nilichokuwamo, mtu mcheshi, aliyefunzwa kuelimisha wenzake juu ya UKIMWI na pombe. Kila Alhamisi baada ya chakula alikaa chini ya mti nao wakamzunguka, hakuna cheo wala saluti, na yaliyosemwa pale hayakutoka pale. Alipohamishwa, mti ulibaki, watu hawakuonekana tena. Hakuna aliyemwandikia mrithi. Nilishika kalamu wakati ule nikaandika habari za mashindano ya mpira ya brigedi.

Polisi wenzetu wako mbele yetu katika jambo hili, na nalisema bila kinyongo. Tangu mwaka 2013 wamekuwa na vijana wa kujitolea wanaoshirikiana nao katika ulinzi wa jamii, na wakati wa korona mwaka 2020 ndio tuliowaona katika vituo vya mabasi, kama Nyabugogo, wakisimama na maji na sabuni tangu alfajiri, wakimrudisha kila abiria asiyenawa. Vijana hao wapo katika kila tarafa. Wanajua njia ya kituo cha afya na wanajua njia ya kituo cha polisi. Mtu wa kujitolea kutoka ng'ambo akipangiwa mtaa, kwa nini asioanishwe na mmoja wao tangu siku ya kwanza, na jina la huyo mwenzake likaandikwa katika kitabu cha ofisi ya tarafa pamoja na tarehe ya mgeni ya kuondoka? Askari wa kituo akiandika katika kitabu cha matukio kwamba amepokea zamu, mahabusu wawili, pikipiki moja, hatumwoni kuwa mwenye urasimu. Tunajua kwamba kisichoandikwa kitapotea, na mahabusu akipotea patakuwa na kesi. Vijana 40 wa Jumatano jioni wana thamani ya kuandikwa mstari mmoja.

Na kufuli liwe na funguo mbili. Jambo hili linaonekana dogo kiasi cha kuchekesha, lakini nimelitaja kwa afisa mmoja wa hospitali yetu ya Kanombe, naye akaniambia kwamba katika stoo ya dawa haiwezekani ufunguo ukawa mmoja tu, hata siku moja.

Kwa upande wetu tulio na magwanda, vikosi vyetu viko Afrika ya Kati, viko Sudan Kusini, na tangu Julai 2021 viko Cabo Delgado, Msumbiji, ambako Kiswahili chetu kinaeleweka na vijana wa pwani. Kila ninapopokea picha za askari wetu wakigawa madaftari au kupima watoto, nafurahi, nazituma magazetini. Lakini sasa nimeanza kuwauliza maafisa wanaorudi swali moja kabla sijaandika: uliwaachia nani? Wengine hukasirika. Meja mmoja alinijibu kwamba jeshi halikwenda kule kufungua zahanati. Ni kweli, wala sibishani naye. Lakini tulipotundika lile dumu la kwanza Juba, tulikuwa tumekwisha kuahidi jambo, hata kama hatukulitamka.

Katika mwaka 2025 sheria mpya ya huduma za afya iliruhusu kijana aliyetimiza miaka 15 kupata huduma za afya ya uzazi bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Wazazi wengi hawakuipenda, na katika nyumba za askari mabishano yalikuwa makali. Mimi mwenyewe nina binti, na sikulala usingizi mzuri usiku ule. Lakini nikikumbuka karatasi ile ya penseli, siwezi kuipinga. Aliyeiandika hakuwa akimwomba mtu ruhusa ya chochote. Alikuwa akiuliza njia.

Jumatano iliyofuata baada ya sherehe nilirudi Biryogo, bila magwanda, nikaketi nyuma karibu na mlango ambako tarehe ya chaki ilikuwa bado haijafutwa. Ndege ya yule binti ilikuwa imeondoka Jumatatu. Nilitarajia nione watu wachache, na kweli walikuwa pungufu, nilihesabu 23. Fundi cherehani alikuja kwa kuchelewa, akihema, uzi ukiwa bado umemning'inia begani, akafungua kufuli. Karatasi zilikuwa tisa. Ya kwanza ilikuwa mzaha, akaisoma hivyo hivyo wakacheka. Nne alizijibu vizuri, mbili kwa kubabaika. Ya nane iliuliza juu ya dawa ambayo mgonjwa wa kifafa anaweza kunywa akiwa mjamzito. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hili silijui. Nitamwuliza muuguzi kesho asubuhi kabla sijafungua duka." Akaikunja karatasi akaitia katika pochi ya mkasi wake. Kisha akasoma ya tisa.